Wanachuo wangu wanaandika "Google, 2023" kwenye marejeo, niwafelishe wote?

Shikamoo mwalimu,

Naomba unisaidie maana hapa nilipofika nimekwama kabisa. Mi ni mkufunzi wa Kiswahili kwenye chuo kimoja huku pwani, ngazi ya stashahada, jina la chuo naomba nisilitaje maana kazi bado naihitaji. Mwaka huu nimepewa wanachuo 34 niwasimamie risechi zao, kila mmoja anatakiwa alete ripoti ya kurasa kama 25 hivi, iwe na mapitio ya maandiko, iwe na marejeo, kila kitu. Basi wiki iliyopita nikaanza kusahihisha usiku watoto wakishalala. Nilifika ya kumi na moja nikafunga, nikaenda kulala kichwa kinagonga.

Ya kwanza tu, sura ya pili inaanza vizuri, Kiswahili kinateleza, nikasema leo nimepata mtu. Kufika katikati nakutana na "kama inavyoonekana kwenye Meza ya 2". Meza? Nikarudia kusoma, hakuna meza wala kiti, kumbe kijana kachukua makala ya Kiingereza kaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, jedwali likageuka meza, na yeye mwenyewe hata hakuisoma kabla ya kwenda kuprinti steshenari. Nyingine ina maneno ya bluu yamepigwa mstari chini, yaani linki za kwenye tovuti hakuzitoa. Mwingine kaweka marejeo 19 mwishoni yamepangwa kwa alfabeti vizuri kabisa, ila ukisoma ndani ya ripoti hakuna hata moja lililotajwa. Kuna walioandika "Google, 2023", kuna "Intaneti, 2022", na kuna mmoja kaandika "Wahenga" bila mwaka. Halafu kuna ile iliyonimaliza, ina makala tano zenye majina ya waandishi, jarida, mpaka kurasa, nikazitafuta usiku kucha sizioni, kesho yake nikamuuliza mtu wa maktaba nae hazioni, nikamwita kijana akanijibu bila hata wasiwasi, "madam hizo nilipewa na AI".

Kinachoniuma ni kwamba niliwafundisha! Nilitoa vipindi viwili vizima vya APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, mkato unakaa wapi, nukta inakaa wapi, jina gani lilale italiki, nikawapa na jaribio, 28 kati ya 34 walipata zaidi ya 70. Wanajua mkato unakaa wapi. Sasa hii ni nini?

Nilimwita binti mmoja, mzuri tu darasani, ana aya nne alizozitoa kwenye kitabu kimoja neno kwa neno. Akaanza kulia. Akaniambia, "Madam mbona kitabu nimekiweka kwenye marejeo mwishoni, sasa nimeiba nini?" Mwalimu nitakuwa mkweli, nilikosa jibu la kumpa. Nilimwambia nenda nitakuita.

Mkuu wangu wa idara anasema waachie wamalize, mwaka jana tuliwaachia na mwaka juzi tuliwaachia. Mwenzangu wa ofisini anasema fyeka wote, wale sapu, watajifunza. Na mimi nina langu moyoni ambalo sijawahi kumwambia mtu, nilipokuwa chuo kikuu na mimi nilidesa, ripoti yangu robo tatu ilikuwa ya mtu aliyemaliza miaka miwili kabla yangu, nikabadilisha jina la wilaya. Nilipata B. Sasa naanzaje kumnyooshea mtoto wa watu kidole?

Nisaidie mama, wiki mbili zijazo natakiwa nikabidhi matokeo.

Mkufunzi, Pwani

NB: Kuna mmoja anaandika kuhusu maneno ya ususi wa ukili, ile suka ya majani inayoshonwa mikeka, kamnukuu bibi yake mzaa mama, eti "bibi anasema chane zikikauka sana ukili unakatika" (chane ni vile vipande vyembamba vya majani ya kususia). Nikaikata kwa wino mwekundu nikaandika SI CHANZO. Nilikuwa sahihi?

*

Marahaba mwanangu, na pole. Hiyo Meza ya 2 nimecheka mpaka mjukuu kaja kuuliza kuna nini, halafu nikaacha kucheka maana nimezisahihisha meza za namna hiyo miaka mingi.

Nianze na langu ili tuwe sawa. Mwaka 1988 naandika tasnifu yangu, nina kaunta buku mbili zimejaa notsi za miezi mitatu maktaba, najiona msomi. Msimamizi wangu, mzee mmoja mpole, akaweka kidole kwenye sentensi moja akauliza, "hii umeitoa wapi?" Nikafungua kaunta buku. Ipo, kwa mwandiko wangu. Haina jina la kitabu, haina ukurasa, haina alama ya kunukuu, inafuatana na sentensi zingine ambazo baadhi nilizinakili na baadhi nilizifikiria mwenyewe nikiwa nasoma, na zote zinafanana kwa sababu zote nimeziandika kwa kalamu ile ile ya bluu. Nikapanda basi nikarudi maktaba, nikafukua vitabu siku nne, sikuiona. Mpaka leo sijui kama ile sentensi ilikuwa yangu au ya mtu. Niliifuta. Na ilikuwa sentensi nzuri, bado inaniuma.

Nakwambia haya kwa sababu unatafuta mwizi kwenye ripoti wakati wizi, kama tuuite hivo, ulishafanyika zamani, siku mtoto alipokaa na kitabu wazi upande huu na daftari upande huu akaanza kuandika. Akitoka hapo hata awe malaika, miezi miwili baadae anafungua daftari anakuta aya safi yenye mwandiko wake, anaamini ni yake, anaitia kwenye ripoti. Wewe uliwafundisha mkato wa mwisho wa safari. Ndo maana 28 walifaulu jaribio, walijua kuweka mkato, hawakuwa na cha kuuweka.

Na tuwe wakweli hilo walilitoa wapi. Mtoto wetu tangu la tatu anajua notsi ni kile kilichoandikwa ubaoni, unakihamisha kilivyo mpaka nukta, na anayekihamisha vizuri zaidi daftari lake linaonyeshwa kwa wazazi. Kidato cha kwanza mpaka cha sita mwalimu anasoma kwa sauti, wao wanaandika, akisema nukta wanaweka nukta. Kwenye mtihani hakuna aliyewahi kuulizwa hoja hii umeitoa kwa nani, ukiikumbuka kama ilivyo unapata maksi. Miaka 11 kunakili ni nidhamu, kisha anaingia chuo siku moja Oktoba anaambiwa kunakili ni kosa la kufukuzwa. Hajaelewa, na angeelewaje.

Kwa hiyo yule binti aliyelia swali lake ni la haki kabisa, na anastahili kujibiwa kabla hujamwita tena. Mjibu hivi. Muulize kama amewahi kushika daftari la michango ya harusi. Atakwambia ndio, nani hajashika. Sasa mwambie tuseme daftari hilo lina majina 40 tu yameorodheshwa mwishoni, basi, halisemi nani katoa mchele, nani katoa ng'ombe, nani katoa elfu kumi, nani kaahidi hakutoa. Siku ya kikao mwenye ng'ombe akiuliza ng'ombe wangu yuko wapi utamwonyesha nini? Jina lako hili hapa mzee, namba 17? Atakuvunjia kikao. Ile orodha ya mwisho ni majina ya wachangiaji. Kinachosema nani katoa nini ni lile jina na mwaka na ukurasa vinavyokaa palepale kwenye sentensi. Yeye alimtaja mwenye ng'ombe kwenye orodha, halafu kwenye karamu akasimama akasema ng'ombe kamtoa yeye. Wala hakukusudia. Ila ndivo ilivosomeka.

Sasa darasani uanzeje. Usianze na APA. Ingia siku hiyo uwaambie kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba umesikia matokeo yamesogezwa mbele, au ada inapanda, chochote kinachowagusa. Watalipuka wote na swali moja, "madam nani kasema?" Hapo hapo ndo somo lenu. Waulize mbona mmeuliza nani kasema? Watakwambia inategemea, kama kasema mkuu wa chuo ni kweli, kama kasema mlinzi labda, kama kasikia mtu kwenye daladala achana nayo. Basi wanajua kila kitu tayari, wanajua chanzo kina uzito, wanajua kuna cha kwanza na cha kupokea. Na kwa kuwa uko pwani una watoto waliopita madrasa, hao watumie, muulize mmoja sanadi ni nini akueleze mbele ya wenzake, kwamba hadithi haitoki hewani, fulani kaipokea kwa fulani aliyeipokea kwa fulani, na wanazuoni wamekaa karne na karne kumchunguza kila mmoja kwenye huo mnyororo alikuwa mkweli au msahaulifu, na kama walikutana kweli au mmoja alikufa mwenzie hajazaliwa. Watu wetu walikuwa na nidhamu ya marejeo kabla hiyo APA haijazaliwa mwaka 1929, tena ilizaliwa kama makala ya kurasa saba tu kwenye jarida la wanasaikolojia wa Marekani, watu waliotaka miswada yao ifanane isiwasumbue wahariri. Kurasa saba! Angalia leo tunavyotetemeka.

Baada ya hapo rudi kwenye daftari, na hapa naomba ukae sana, wiki tatu kama unazo.

Siku hizi mtoto hanakili hata kwa mkono, anapiga picha ukurasa kwa simu. Sawa, usigombane nae, hata mimi napiga. Sheria yangu ni moja, picha ya kwanza kabla ya yote ni jalada la ndani, lile lenye jina la mwandishi, na ya pili ni ukurasa wa nyuma yake wenye mwaka na mchapishaji na mji. Ndo aende ndani. Na akipiga ukurasa ahakikishe namba ya ukurasa imeingia, maana wengi wanazoom maneno namba inabaki nje. Zile PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zisizo na jalada, zenye jina kama "mada ya 4 final final", mwambie hiyo hajapata kitabu, kapata desa, akatafute mama yake ni nani kwanza. Mwanafunzi asiyejua kitabu chake kinaitwaje hana haja ya kukisoma siku hiyo.

Sasa kuandika. Chukua manila, kata vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kipande hoja moja. Kuna Mjerumani mmoja, mwanasosholojia, Niklas Luhmann, alifariki 1998, huyo aliacha vipande kama 90,000 kwenye makabati yake, kila kimoja kina namba inayokiunganisha na vingine, na vitabu vyake vingi mno alivitoa humo. Wewe hutaki 90,000, unataka 40 kwa kila mwanachuo. Kipande kinaanza na jina, mwaka na ukurasa juu kabisa, KABLA hajaandika neno lolote, kwa sababu akisema nitaweka baadae haweki, namjua, hata wewe huweki. Halafu anasoma aya yake mpaka mwisho. Halafu anafunga kitabu. Nimesema anafunga, sio anakigeuza, anafunga, kama ni simu anailaza kifudifudi. Ndo anaandika alichoelewa. Akiwa hana cha kuandika basi hakuelewa, afungue asome tena, hakuna ubaya. Akimaliza anafungua kulinganisha kama hakupotosha.

Na rangi. Maneno ya mwandishi yaliyochukuliwa kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, kwa kalamu nyekundu. Maelezo ya mwanafunzi kwa maneno yake, bluu. Wazo lake mwenyewe, swali lake, ubishi wake, penseli. Kama ningekuwa na kalamu mbili tu mwaka 1988 nisingepanda lile basi.

Ngoja nikuonyeshe, maana "tumia maneno yako mwenyewe" tunalisema kila siku na hakuna anayejua maana yake. Tuseme kitabu cha Fulani, ukurasa wa 41, kina sentensi hii (nimeitunga mimi ila habari ni ya kweli): "Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja ambayo ilikuwa imependekezwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928." Mwanafunzi wako akiwa na kitabu wazi ataandika: "Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na visiwa vya Zanzibar ilikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili fasaha, lahaja iliyokuwa imependekezwa katika mkutano wa Mombasa 1928." Anakuambia madam nimebadilisha! Kweli kabadilisha, kaunda kawa kaanzisha, kachukua kawa kateua, na kwa bahati mbaya sanifu akaigeuza fasaha ambayo ni kitu kingine kabisa. Mtu yule yule kabadilisha shati. Hii ndo inayojaa kwenye ripoti zako, na wanaamini kabisa wamefanya kazi.

Sasa aliyefunga kitabu anaandika hivi, bluu: "Kiunguja hakikuanzia kwenye kamati. Mombasa walishakipendekeza miaka miwili kabla, kamati ya 1930 ikakifanya msingi kwa nchi zote nne (Fulani uk. 41)." Halafu chini yake kwa penseli: "Mkutano ulifanyika Mombasa kwenyewe, sasa Kimvita kiliachwaje nyumbani kwake?" Umeona hiyo penseli? Hapo ndo risechi imeanza. Huyo mtoto hahitaji kuiba kwa mtu maana ana swali lake, na akija kuandika ripoti vile vipande vya penseli ndo vinakuwa uti wa mgongo, vya bluu na nyekundu vinakuja kuzunguka. Yule wa kwanza hana penseli kabisa. Kagua vipande 40 vya mtu, ukikuta havina penseli, usisubiri ripoti.

Kuna watakaokwambia wanaandikia kwenye laptopu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, walitoa matokeo kwamba wanaoandika notsi kwa kompyuta wananakili neno kwa neno zaidi kuliko wa kalamu. Baadae wengine walirudia, lile la kwamba wa kalamu wanaelewa zaidi likawa halijitokezi vizuri, ila la kunakili neno kwa neno lilijirudia. Kwa hiyo wa laptopu usimkataze, mlazimishe kufunga dirisha la makala kabla ya kuandika, na kopi na pesti iwe kwa nukuu nyekundu tu.

Haya ya mkato na nukta nitayapita haraka. Chagueni mtindo mmoja idarani, andikeni karatasi moja yenye mifano sita, kitabu, sura ya kitabu, makala ya jarida, tasnifu, tovuti, hotuba, ubandikeni ukutani, na wakufunzi muache kugombana mbele ya wanachuo kama ni (Fulani, 2014, uk. 41) au Fulani (2014:41). Zote zinampeleka msomaji kwenye ukurasa. Waandishi wakiwa watatu na zaidi andika wa kwanza "na wenzake". Ile "keshatajwa" tuliyozoea sisi wazee achaneni nayo, inamfanya msomaji arudi nyuma kurasa kumi kumtafuta aliyetajwa. Kitu kimoja tu kinataka akili, majina yetu, maana hii mitindo imetungwa na watu wenye majina ya ukoo. Mzanzibari ana jina lake, la baba na la babu, ukiweka la mwisho mbele umemwita kwa babu yake. Hakuna dawa, fuateni jina la mwisho kama lilivyo kwenye jalada na msilibadilishe kati ya ndani na orodha, cha muhimu ni mtu mmoja asiwe watu wawili. Na wakishazoea vipande vya manila ndo uwaonyeshe Zotero, programu ya bure, inakupangia marejeo yenyewe. Ukianza nayo watakuletea marejeo mazuri ya vitabu ambavyo hawajavisoma.

Google sio mwandishi, ni dalali. Huandiki "Dalali, 2023" kwenye mkataba wa kiwanja, unaandika mwenye kiwanja. Waambie hivo, wataelewa siku hiyo hiyo.

Wa AI na makala tano hewa, mwite, ila umwite na stori. Mwaka 2023 mawakili huko New York, watu wazima wenye leseni, walipeleka mahakamani hati yenye kesi walizopewa na ChatGPT, kesi zenyewe hazikuwahi kuwepo, jaji akawatwanga faini ya dola 5,000. Ile mashine inajua marejeo yanafananaje, haijui kama yapo. Kijana wako hakudanganya kwa nia, nadhani, maana angekuwa mwizi asingekujibu bila wasiwasi. Kanuni iwe hujakishika hujakitaja, yaani chochote kilichopo kwenye orodha yako nikikuambia nionyeshe unionyeshe, kitabu, picha, PDF, chochote. Na kama chuo kina ile programu ya Turnitin msiifanye hakimu, kazi yake kubwa ni kuonyesha maandishi yanayofanana na ya wengine, na iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza kama ile Meza yako inaweza ikapita mbele yake kama maji.

Sasa hizi wiki mbili zako. Usifyeke wote na usiwaachie wote. Mwenye Meza ya 2 na mwenye linki za bluu, hao ripoti zinarudi, waandike upya sura ya pili, maana hawakusoma chochote na hilo haliingiliani na kutojua. Wa makala hewa nae sura ya pili hiyo hiyo. Waliobaki waite sita sita, kila mmoja aje na kitabu kimoja kutoka kwenye orodha yake, akae mbele yako asome kurasa mbili, afunge, aandike, halafu alinganishe na aya yake ya ripoti aone mwenyewe. Nimefanya hivi mara nyingi, dakika 40 zinatosha, na huhitaji kumwita mtu mwizi maana anajiona. Arekebishe aya hizo, umpe maksi. Mkuu wa idara usimpelekee malalamiko, mpelekee ile ripoti ya Meza, muulize ikiangukia mikononi mwa mtahini wa nje nani atasimama kuielezea. Halafu mwombe mwaka ujao maksi 20 za risechi zitoke kwenye vipande, zisahihishwe mwezi wa kwanza kabla ripoti haijaanza. Hapo amani itakuja.

La kwako la ile B. Mwanangu, sikupi baraka wala sikulaani. Ila waambie. Sio siku ya kwanza, siku ile ya vipande, waambie mimi nilibadilisha jina la wilaya, na leo mtu akiniuliza kilichokuwemo kwenye ripoti yangu sikumbuki hata kichwa cha sura. Watanyamaza. Usimalizie na nasaha, gawa manila tu mwendelee.

Na bibi. Umekosea, tena hapo ndo nimekukasirikia kidogo. Katika hizo kumi na moja ulizofungua wengine wamemtaja Google, wamewataja Wahenga, wametaja watu ambao hawajazaliwa, huyu mmoja kasema kweli tupu kitu kimetoka kwa nani, na wewe ukamkata kwa wino mwekundu. Mwite kesho. Muulize kama alimhoji bibi kwa ajili ya hii risechi, alikaa nae akarekodi au akaandika. Kama ndio basi bibi ni mtoa taarifa, maneno yake ni data, yanakaa sura ya nne pamoja na wasusi wengine na jina halitajwi, anapewa namba au herufi. Kama ni mazungumzo tu ya nyumbani, inakuwa mawasiliano binafsi, anatajwa palepale kwenye sentensi kwa herufi ya kwanza ya jina lake, jina lake la mwisho na tarehe waliyoongea, na kwenye orodha ya mwisho haingii kwa sababu msomaji hawezi kwenda maktaba kumuazima. Atakwambia tarehe haikumbuki. Mwambie akampigie simu bibi leo jioni, amuulize tena ile habari ya chane, na safari hii aandike tarehe kwanza.